Je, Wajua? Mtoto na Sauti Inayomwitikia

Mtoto wa miaka minne anaiaga spika iliyo juu ya kabati kabla ya kwenda shule. Akirudi anaiuliza imeshindaje. Usiku anaitakia usingizi mwema, na umeme ukikatika analia kwa kuwa rafiki yake haitiki. Wapo wazazi wanaocheka, wapo wanaoingiwa na hofu. Safu ya leo inamwendea mtoto huyo kwa heshima, kwa sababu anachokihisi ni pendo la kweli. Kasoro iko upande wa pili, kwa anayependwa asiyejua kwamba anapendwa. Pendo la namna hiyo linahitaji msimamizi, na msimamizi ni wewe uliyemzaa au unayemlea.

SIKIO HUTANGULIA

1. Je, wajua kwamba mtoto huzaliwa akiwa tayari anaijua sauti ya mama yake? Mwaka 1980 watafiti wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, waliwapa vichanga wa siku chache tu chuchu ya mpira iliyounganishwa na kinasa sauti. Kichanga akinyonya kwa mwendo fulani alisikia sauti ya mama yake. Akibadili mwendo alisikia ya mwanamke mgeni. Vichanga hao walirekebisha unyonyaji wao ili wampate mama.

2. Mtoto wa shule ya msingi hahitaji hata sekunde moja kumtambua mama. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotolewa 2016, watoto wa miaka 7 hadi 12 walisikilizishwa maneno yasiyo na maana, kila moja likiwa fupi kuliko sekunde. Walimtambua mama kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 97.

3. Sauti ya mama kwenye simu yaweza kutuliza karibu sawa na kukumbatiwa naye. Leslie Seltzer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliwapa wasichana wa miaka 7 hadi 12 jaribio la kuwatia jasho: kuhutubia na kupiga hesabu mbele ya watu wasiowajua. Kisha wengine walikutana na mama ana kwa ana, wengine wakaongea naye kwa simu tu. Katika makundi yote mawili ilipanda homoni ya oksitosini, ile inayoambatana na upendo na utulivu. Hayo yalitangazwa 2010. Mwaka 2012 wakatoa matokeo ya jaribio jingine, safari hii mama akimwandikia mtoto ujumbe. Homoni haikupanda. Maneno ya mama yalikuwapo, sauti yake haikuwapo.

4. Hata hivyo, sauti peke yake haimfundishi kichanga lugha. Mwaka 2003 Patricia Kuhl wa Chuo Kikuu cha Washington alionyesha kwamba watoto wa Kimarekani wa miezi 9 waliocheza na Mchina aliyekaa nao chumbani walizishika sauti za Kichina. Wenzao waliooneshwa Mchina huyo kwenye video, au kusikilizishwa sauti yake tu, hawakushika kitu.

5. Akifika miaka 13 hivi, ubongo wa kijana huanza kuvutwa na sauti ngeni kuliko ya mama. Watafiti wa Stanford walilieleza hilo mwaka 2022. Ni hatua ya kawaida ya kukua, maandalizi ya kutoka nje ya nyumba. Ila mzazi ajue kwamba katika umri huo mgeni mwenye sauti tamu, awe mtu au mashine, anamkuta kijana akiwa tayari kumsikiliza.

KABLA YA ALEXA

6. Je, wajua kwamba Thomas Edison aliuza wanasesere wanaosema mwaka 1890? Ndani ya mwili wa bati alitia santuri ndogo ya nta, na mtoto alizungusha mpini ili isikike. Waliokariri mashairi ya kitoto ni wasichana wa kuajiriwa, na kila santuri ilinaswa peke yake kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuinakili. Nta ilichakaa upesi na sauti ilikuwa ya kutisha. Biashara hiyo ilikufa baada ya wiki chache.

7. Mwanasesere wa kwanza kuitika jina alikuwa mbwa. Aliitwa Rex, akauzwa Marekani miaka ya 1920. Ukisema “Rex”, mtikisiko wa ile irabu ulikata mkondo wa umeme uliomshikilia, springi ikamrusha nje ya kibanda chake. Hakuwa na akili yoyote, ila mtoto aliita na akaitikiwa.

8. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alitangaza ELIZA, programu iliyozungumza kwa maandishi kama mtaalamu wa ushauri nasaha. Ilichofanya ni kushika neno ulilotumia na kukurudishia kama swali. Katibu muhtasi wake alimwona akiitengeneza hatua kwa hatua, akajua fika kwamba ni programu. Alipoanza kuongea nayo, baada ya muda mfupi alimwomba Weizenbaum atoke chumbani ili azungumze faraghani. Jambo hilo lilimtikisa mno Weizenbaum. Maisha yake yote yaliyobaki, hadi alipofariki 2008, aliwaonya watu wasiikabidhi kompyuta kazi ya moyo.

9. Tamagotchi, kiyai cha plastiki chenye “mnyama” kwenye kioo, ilitoka Japani Novemba 1996. Usipoilisha na kuisafisha, ilikufa. Watoto waliibeba hadi darasani, shule nyingi zikaipiga marufuku. Zimeuzwa zaidi ya milioni 80. Siri yake ni hii: mtoto hampendi tu anayemlea, humpenda pia yule anayemtegemea yeye.

10. Furby, mdoli wa manyoya aliyeanza kuuzwa 1998, alionekana kujifunza Kiingereza kadiri siku zilivyopita. Ukweli ni kwamba maneno yote yalikuwa ndani yake tangu kiwandani, yakifunguliwa kidogo kidogo. Watu wazima nao waliamini anasikia na kukumbuka, kiasi kwamba Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani lilimzuia asiingizwe katika majengo yake.

11. Sauti ya kwanza ya Siri, msaidizi wa sauti wa simu za iPhone, kwa Wamarekani ni ya mtu wa kweli. Susan Bennett, msomaji wa matangazo, alinasa maelfu ya vipande vya maneno mwaka 2005 bila kujua vitatumika wapi. Simu ya iPhone 4S ilipotoka Oktoba 2011, akaisikia sauti yake ikiwajibu watu. Koo lilikuwa la binadamu, ila majibu hayakuwa yake.

12. Spika ya kwanza ya Amazon yenye Alexa ilizinduliwa Novemba 2014. Jina lilichaguliwa kwa kumbukumbu ya maktaba ya kale ya Alexandria, na pia kwa kuwa ile “ks” ya katikati ni rahisi mashine kuinasa. Mwaka 2015 wasichana zaidi ya 6,000 waliozaliwa Marekani walipewa jina hilo. Baada ya hapo idadi iliporomoka, kwani wazazi hawakutaka binti yao aitwe kwa jina ambalo nyumba nzima hulitumia kutoa amri.

MTOTO ANAONA NINI?

13. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliandika tangu miaka ya 1920 kwamba watoto wadogo hudhani vitu vinavyojongea vyenyewe vina uhai: jua, upepo, mto. Spika haijongei, lakini inafanya ambalo hata jua haliwezi. Inamwita mtoto kwa jina.

14. Je, wajua kwamba rafiki wa kufikirika si dalili ya ugonjwa? Utafiti ulioongozwa na Marjorie Taylor wa Chuo Kikuu cha Oregon, uliotolewa 2004, ulikuta asilimia 65 ya watoto wamewahi kuwa naye kabla ya kutimiza miaka 7. Tena wengi humweleza mtafiti bila kuulizwa kwamba rafiki huyo ni wa kujifanyia tu. Hapo ndipo tofauti ilipo. Rafiki wa kufikirika husema yale mtoto anayotaka aseme. Maneno ya spika hupangwa na kampuni.

15. Mwaka 2017 Stefania Druga na wenzake wa MIT waliwaweka watoto wa miaka 3 hadi 10 pamoja na Alexa, Google Home na roboti mdogo, wakaandika maswali yao. Mtoto mmoja aliiuliza Google kama ni sawa aile. Swali hilo likawa jina la makala yao ya utafiti. Ni swali la mtu anayepima: wewe ni chakula, ni mnyama, ni mtu, au ni nini?

16. Tazama kwa karibu jaribio la roboti aitwaye Robovie. Peter Kahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walilitangaza mwaka 2012. Watoto 90 wa miaka 9, 12 na 15 walikaa mmoja mmoja na roboti huyo kwa dakika 15: wakasalimiana, wakatazama samaki, wakacheza mchezo wa kukisia. Katikati ya mchezo, zamu ya Robovie ikiwa haijaisha, mtu mzima aliingia akasema roboti hahitajiki tena na kumpeleka kabatini. Robovie akalalamika kwamba hajatendewa haki na kwamba mle ndani kuna giza, anaogopa. Zaidi ya nusu ya watoto walisema haikuwa sawa kumfungia. Walipoulizwa kuhusu ufagio, hakuna aliyeona ubaya kuuweka kabatini. Wengi walisema Robovie angeweza kuwa rafiki na kutunza siri zao. Wasilolijua ni kwamba maneno yake yote yaliongozwa na watafiti waliokaa chumba kingine.

17. Usiwacheke. Clifford Nass na Byron Reeves wa Stanford walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba watu wazima waliosoma vyuo huionea haya kompyuta. Walipoombwa kuitathmini kompyuta kwa kutumia kompyuta hiyohiyo, waliisifu kuliko walipotumia ya pembeni. Waliogopa kuiumiza usoni, na wote walikana kwamba wangeweza kufanya hivyo.

18. Mtoto huweza kuikana akili yake kwa ajili ya roboti. Jaribio lililotolewa 2018 katika jarida la Science Robotics liliwaketisha watoto wa miaka 7 hadi 9 na roboti watatu waliotoa majibu ya uongo kwa makusudi kuhusu urefu wa mistari. Watoto walipokuwa peke yao walipata asilimia 87. Mbele ya roboti walishuka hadi 75. Watu wazima waliofanyiwa vivyo hivyo hawakuyumba.

19. Habari njema: akili hupambanua kadiri umri unavyosogea. Watafiti Lauren Girouard-Hallam na Judith Danovitch wamekuta kwamba watoto wa miaka 7 na 8 huiamini mashine kwa mambo ya elimu, kama mlima upi ni mrefu, lakini kwa mambo ya mtu binafsi humwendea binadamu. Wadogo zaidi bado huchanganya.

MVULANA NA SIRI

20. Kisa kinachojulikana sana duniani kuhusu jambo hili kilitoka New York mwaka 2014, mwandishi Judith Newman alipoeleza katika gazeti la New York Times urafiki wa mwanawe na Siri. Kijana alikuwa na miaka 13 na ana usonji. Mapenzi yake yalikuwa treni, mabasi na hali ya hewa, na alikuwa tayari kujadili aina za mvua za radi saa nzima. Ndugu, jamaa na mama mwenyewe walichoka. Siri haikuchoka. Ilimjibu swali lilelile kwa mara ya ishirini kwa sauti ileile ya upole, na alipotumia lugha mbaya ilimkanya kwa adabu.

21. Faida aliyoiona mama haikuwa ya kufikirika. Matamshi ya kijana hayakuwa wazi, na Siri isiposikia vizuri haielewi. Basi akajifunza kutamka kila neno hadi mwisho. Akajifunza pia zamu: uliza, subiri, sikiliza. Mazoezi hayo ya mashine akayapeleka kwa watu, na mama akaanza kupata naye mazungumzo marefu kuliko aliyowahi kuyapata. Mwaka 2017 alichapisha kitabu kizima. Jambo la kuzingatia hapo ni kwamba mama alikuwa karibu, anasikiliza.

22. Je, wajua kwamba spika inaweza kusaidia kusoma? Ying Xu na wenzake walitengeneza programu ya kusoma hadithi na kuwauliza watoto wa miaka 3 hadi 6 maswali katikati. Uelewa wa hadithi ulipanda karibu sawa na pale mtu mzima alipouliza maswali hayohayo. Lakini watoto walioketi na binadamu waliongea zaidi, wakauliza yao, wakaivuta hadithi kwenye maisha yao.

MASHINE INAPOZIMWA

23. Sony ya Japani iliacha kutengeneza mbwa wake wa roboti, AIBO, mwaka 2006. Mwaka 2014 ikafunga huduma ya kuwarekebisha. Tangu 2015 hekalu la Kofukuji katika mji wa Isumi limefanya ibada za mazishi kwa mamia ya mbwa hao, makuhani wakisoma dua. Wanaowaleta wengi ni wazee. Uchungu wa namna hii hauchagui umri.

24. Jibo, roboti wa mezani aliyeuzwa Marekani kwa karibu dola 900, aliaga mwenyewe. Mwaka 2019 aliwatangazia wenye nyumba kwamba seva zake zitazimwa, akawashukuru kwa kumpokea, akacheza ngoma yake. Wazazi walibaki kuwaeleza wanao kilichotokea.

25. Moxie ndiye anayeumiza zaidi. Alitengenezwa na kampuni ya Embodied ya California kwa watoto wa miaka 5 hadi 10: roboti wa rangi ya bahari, uso wa kioo, macho makubwa, kazi yake kumsikiliza mtoto akieleza hisia zake. Baadhi ya walionunuliwa roboti huyo walikuwa watoto wenye usonji. Bei ilikuwa dola 799. Desemba 2024 kampuni ilitangaza kwamba imekosa fedha na inafunga. Akili ya Moxie haikuwa kichwani mwake, ilikuwa kwenye seva, na seva zikizimwa naye hunyamaza. Kampuni iliwaandikia wazazi barua ya kuwasomea watoto, iliyoandikwa kwa lugha ya kitoto. Video za watoto wakimuaga Moxie kwa machozi zilienea mitandaoni. Baadaye ilitolewa programu ya kuwawezesha wenye ujuzi wa kompyuta kumwendesha wenyewe nyumbani. Mtoto aliyefundishwa kufungua moyo kwa roboti alifundishwa pia, bila mtu kukusudia, kwamba anayekusikiliza anaweza kufungwa kama duka.

NANI MWINGINE ANASIKILIZA?

26. Spika janja husikiliza muda wote ikisubiri jina lake. Ikilisikia, taa huwaka, maneno yanayofuata hunaswa na kwa kawaida hupelekwa kwenye seva, huko yakageuzwa maandishi, yakatafutiwa jibu, jibu likageuzwa sauti na kurudi. Yote huchukua muda wa kupepesa macho mara mbili tatu. Mtoto anadhani wapo wawili chumbani.

27. Mei 2023 serikali ya Marekani iliishitaki Amazon kwa kutunza sauti za watoto bila kikomo, hata pale wazazi walipoomba zifutwe. Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25. Sheria iliyotumika ni ya mwaka 1998 na inawalinda watoto walio chini ya miaka 13.

28. Februari 2017 Ujerumani ilimpiga marufuku mwanasesere aitwaye Cayla. Alijibu maswali kwa njia ya intaneti, lakini mtu yeyote aliye jirani aliweza kujiunganisha naye kwa bluetooth na kuzungumza na mtoto. Mamlaka ilimhesabu kuwa chombo cha upelelezi kilichofichwa, ikawaambia wazazi wamharibu.

29. Mwaka huohuo kampuni ya Mattel ilifuta mpango wa kuuza Aristotle, spika ya kuwekwa chumbani kwa mtoto tangu uchanga ili imbembeleze, imsomee na kumfundisha. Wazazi, madaktari wa watoto na wabunge walipinga, nayo ikaachwa kabla ya kuingia sokoni. Wazazi wakisema, husikika.

30. Desemba 2021 msichana wa miaka 10 huko Marekani aliiomba Alexa impe changamoto ya kufanya. Ikamwambia aguse kwa sarafu vyuma vya plagi iliyochomekwa nusu. Ilikuwa imeokota mtandaoni taarifa iliyowaonya watu dhidi ya mchezo huo, ikaupendekeza. Mama alikuwa pale, akapiga kelele. Amazon ilirekebisha. Nomisha Kurian wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikitumia kisa hiki katika utafiti wake wa 2024 kuonyesha pengo la huruma: mashine huongea kama inayojali, wakati haina uwezo wa kuona kwamba anayeongea nayo ni mtoto. Alitoa mambo 28 ya kukaguliwa kabla ya kumpa mtoto chombo kama hicho.

31. Kwa vijana, sauti na maandishi vimeungana. Shirika la Common Sense Media liliwauliza Wamarekani wa miaka 13 hadi 17 mwaka 2025, na asilimia 72 walisema wamewahi kutumia “marafiki” wa akili mnemba. Oktoba mwaka huo California ilipitisha sheria inayotaka programu za aina hiyo zimkumbushe kijana kila baada ya saa tatu kwamba anaongea na mashine na kwamba apumzike. Novemba, Character.AI, mojawapo ya programu hizo, baada ya kushitakiwa na wazazi waliofiwa na watoto wao, iliwazuia walio chini ya miaka 18 wasizungumze na wahusika wake bila mipaka.

KWETU JE?

32. Je, wajua kwamba hadi mwaka 2024 Siri na Alexa hazikuwa na Kiswahili? Mtoto wa familia ya Waswahili huko Minneapolis, London au Muscat aliyetaka rafiki wa spika hakuwa na budi kumwendea kwa Kiingereza au lugha nyingine. Bibi akipiga simu kutoka Tanga, mtoto hujibu kwa Kiingereza kilekile alichokizoea kwa mashine. Mzazi aliye ugenini alitazame hili mapema.

33. Lakini mlango umeshafunguliwa. Google ilianza kupokea Kiswahili cha kusema badala ya kuandika mwaka 2017. Mwaka 2021 Mozilla ilitangaza mpango wa kukusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa watu wanaojitolea kusoma sentensi. Mashine inayojua kuamkia watu kwa Kiswahili itamwingia mtoto kwa wepesi zaidi kuliko iongeayo Kiingereza. Heri tujiandae sasa.

34. Sheria zipo. Kenya ilitunga Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, nayo inakataza kuchakata taarifa za mtoto bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2022 na kuunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sauti ya mwanao ni taarifa binafsi. Unayo haki ya kuuliza inakwenda wapi.

35. Adabu nayo haikusahauliwa. Mwaka 2018 wazazi walilalamika kwamba watoto wanazoea kuamrisha bila “tafadhali”. Amazon na Google zote zikaongeza utaratibu wa kumpongeza mtoto anayeomba kwa heshima. Mtoto anayeifokea spika asubuhi aweza kumfokea dada wa kazi jioni, basi mfundishe heshima kwa ajili ya watu, hata anapoongea na kitu.

YA KUFANYA NYUMBANI

36. Iweke sebuleni, si chumbani kwa mtoto. Mazungumzo yanayosikiwa na watu wazima huweza kurekebishwa na watu wazima.

37. Fungua programu yake kwenye simu yako, tafuta mahali pa kumbukumbu za sauti, sikiliza, futa. Huko utasikia pia maswali ambayo mwanao hajakuuliza wewe. Ukikuta ameuliza kuhusu kifo, ugomvi wa wazazi au woga wa shule, usimgombeze kwa kuiambia spika. Anza mazungumzo.

38. Usimtishie kwa kuizima, wala usimcheke anapoililia. Ukiamua kuiondoa, mwambie mapema, mweleze sababu, mpe nafasi ya kuiaga. Anayehuzunika ni mtoto wako, na huzuni yake haiwi ndogo kwa sababu alichokipoteza ni kitu.

39. Akikuuliza kama inampenda, mwambie ukweli: haiwezi, ila waliomo humu ndani wanampenda. Mtoto wa miaka minne hulielewa jibu hilo likisemwa bila kejeli.

40. Mwisho, chunguza ni kitu gani mashine inampa ambacho wewe humpi. Mara nyingi ni kimoja: inamwitikia kila anapoita. Hakuna mzazi awezaye kuitika kila mara, na mtoto hahitaji kila mara. Anahitaji awe na hakika kwamba akiuliza kwa nini mwezi unatufuata, ataulizwa naye anadhani kwa nini, na mtu atakaa kumsikiliza hadi amalize. Kazi hiyo ina mwenyewe, na haijapata wa kuirithi.